Mkazi mpya ni Mwicca: niguse nini, niache nini?

SWALI: Ninafanya kazi ya kulea wazee hapa Leicester, Uingereza. Mwezi uliopita tulimpokea bibi wa miaka 78, na kwenye fomu yake, sehemu ya dini, pameandikwa Wicca. Karibu na dirisha ana meza ndogo yenye kisu cha mpini mweusi, bakuli la chumvi, mshumaa na nyota ya ncha tano. Wenzangu wananiambia ni dini ya asili, haina ubaya, lakini nikitafuta kwa Kiswahili naletewa neno uchawi. Mimi ni mlokole, na siku ya kwanza niliogopa hata kuipangusa ile meza. Juzi alinipa kipande cha keki kilichotoka mezani hapo. Nikakifunga kwenye tishu, nikaenda kukitupa. Dini hii imetoka wapi, wanaamini nini, na mimi kazini nifanye nini? (Mlezi, Leicester)

JIBU: Dada, tuanze na maneno, maana ndiyo yaliyokutisha kabla hujaitazama vizuri hata hiyo meza.

Kwa Kiswahili mchawi ni mtu mbaya, basi. Anaroga, anawanga usiku. Hakuna anayesimama hadharani akajitambulisha kuwa mchawi, na ukimwita jirani yako hivyo umemtafutia kifo. Anayeagua na kutibu tumempa jina lake, mganga. Kwa Kiingereza mambo yamekwenda njia nyingine. Neno witch lilikuwa tuhuma na tusi kwa karne nyingi, kisha katikati ya karne ya 20 wakatokea Waingereza wachache walioliokota neno hilohilo wakajivika kwa makusudi, kama jina la heshima. Tafsiri za mtandaoni hazijui habari hiyo, zinakuletea "uchawi" na kukuachia hofu yake yote. Mtu akikuambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni mchawi mwema hajachanganyikiwa. Kwetu ndiyo inasikika kama mwizi mwaminifu.

Neno la pili ni hilo "dini ya asili". Kiswahili kinatumia asili kwa mambo mawili, chimbuko na maumbile. Ukisikia dini ya asili unawaza tambiko, mizimu, mzee wa ukoo anayemwaga pombe kaburini kwa babu. Wenzako walimaanisha maumbile: jua, mwezi, miti, majira ya mwaka. Dini za jadi unazaliwa ndani yake, na wanaodai haki yao ni wazee wako waliokwisha kufa. Wicca mtu hujiunga mwenyewe ukubwani, mara nyingi bila ndugu zake kujua, na hakuna mzimu wa babu anayedai kuku. Kwa hiyo hapa nitasema dini ya maumbile, tusichanganye.

Imetoka wapi? Wicca ni dini changa. Bibi yako alikuwa mtoto mdogo ilipotangazwa kwa watu kitabuni, mwaka 1954. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa 1884 karibu na Liverpool. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliimalizia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Borneo na Malaya, kwenye mashamba ya chai na mpira, mwishowe katika idara ya forodha. Alistaafu 1936, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kuhusu keris, yale majambia ya Kimalaya yenye makali ya mawimbi. Kumbuka habari hiyo ya visu, tutairudia. Aliporudi kwao alihamia karibu na msitu wa New Forest, kusini mwa Uingereza, na baadaye akasema kwamba Septemba 1939 aliingizwa katika kundi la siri la huko, ambalo kwa maelezo yake lilikuwa mabaki ya dini ya kale ya Ulaya iliyokuwapo kabla ya Ukristo.

Dai la ukale limeanguka. Gardner alilipata kwa Margaret Murray, mtaalamu wa mambo ya Misri ya kale katika University College London, aliyeandika mwaka 1921 kwamba watu walionyongwa na kuchomwa Ulaya kwa kosa la uchawi walikuwa waumini wa dini moja ya siri. Wanahistoria walizipitia upya kumbukumbu za kesi zile na hawakuikuta dini hiyo. Walikuta majirani waliogombana, mateso, na maungamo yaliyokamuliwa kwa mateso. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Ukisikia "milioni tisa", na kwa Wawicca wa rika la bibi yako utaisikia, ujue namba hiyo haina msingi. Tena England kwenyewe waliohukumiwa kwa uchawi kwa kawaida walinyongwa, hawakuchomwa.

Kilichopo ni pishi ambalo viungo vyake karibu vyote vinajulikana. Gardner alikuwa Freemason, mwanachama wa chama kile cha udugu chenye siri na viapo, tangu siku za Ceylon, na huko ndiko zilikotoka ngazi tatu za kuingizwa, kitambaa cha kumfunga macho mgeni, kamba na kiapo. Kitabu cha mazinguo kiitwacho Ufunguo wa Sulemani, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza 1889, kilimpa visu viwili, cha mpini mweusi na cha mpini mweupe, pamoja na duara la futi tisa. Maneno mengine aliyachukua kwa Aleister Crowley, Mwingereza mwandishi wa mambo ya uchawi, ambaye Gardner alimtembelea Hastings mwaka 1947, miezi michache kabla Crowley hajafa. Halafu mwaka 1953 akaingia Doreen Valiente, mwanamke mwenye kipaji cha ushairi na jicho kali. Aliyatambua maneno ya Crowley mara moja, akamwambia Gardner, akakabidhiwa kalamu aandike upya. Kwa maoni yangu, bila Valiente dini hii ingekufa pamoja na Gardner mwaka 1964. Sala ambayo Wawicca wengi wanaijua kwa moyo, ile ambayo Mungu wa kike anazungumza na watu wake, ni kazi ya mkono wake.

Sheria nayo ilikuwa na mchango. Sheria ya Uingereza ya 1735 haikumwadhibu mchawi, ilimwadhibu anayejifanya mchawi. Bado mwaka 1944 mwanamke aliyekuwa akiwaita wafu, Helen Duncan, alifungwa miezi tisa kwa sheria hiyo. Ilifutwa 1951, na miaka mitatu baadaye Gardner akatoa kitabu chake bila woga. (Zile ambazo Waingereza walitutungia sisi, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, hazikufutwa pamoja na hiyo, tuliingia nazo kwenye uhuru.)

Baada ya Gardner mambo yalitawanyika. Alex Sanders aliunda tawi lake miaka ya 1960, Raymond Buckland akaipeleka Marekani, na mwaka 1988 Scott Cunningham akachapisha mwongozo wa mtu anayeabudu peke yake, bila kundi wala wa kumwingiza. Kitabu hicho kilibadilisha sura ya dini yenyewe. Leo Wawicca wengi ni wa peke yao. Kwenye sensa ya 2021 ya England na Wales watu wapatao 13,000 walijiandika Wicca, na wengine wapatao 74,000 wakajiandika Wapagani, jina la pamoja la dini za namna hii, bila kutaja tawi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza bibi, na atalifurahia, ni hili: wewe una kundi au uko peke yako? Jibu lake litakuambia utegemee wageni au la, na kama ana siri za kiapo au hana.

Kuhusu imani, usitafute msahafu. Hakuna nabii, hakuna papa, hakuna kanuni ya imani ambayo wote wameitia sahihi. Kilicho cha wengi ni hiki: uungu haukai mbali juu, umo ndani ya vitu vyenyewe, kwenye udongo, maji, mwili. Unaonekana kwa sura mbili, Mungu wa kike anayehusishwa na mwezi, na Mungu wa Pembe, bwana wa wanyama na mimea, anayekufa na kuzaliwa tena kwa mzunguko wa mwaka. Wengine husema hao wawili ni halisi kama wewe na mimi, wengine husema ni taswira za nafsi ya mtu. Wanaabudu pamoja bila kugombana kwa hilo, jambo ambalo sisi wa dini za kitabu hutushangaza.

Pembe hizo si za Shetani. Wawicca hawamwabudu Shetani, na wengi hawaamini kuwa yupo, kwa sababu Shetani ni wa Biblia na Kurani na vitabu hivyo si vyao. Pembe ni za kulungu au mbuzi. Nyota ya ncha tano nayo inahesabiwa hewa, moto, maji, ardhi, na ncha ya juu ni roho.

Maadili yao makuu yanasemwa kwa mstari mmoja: usimdhuru yeyote, kisha fanya utakalo. Nusu ya kwanza ndiyo ngumu, maana "yeyote" inamjumlisha hata mwenye kufanya. Wapo wanaoongeza kwamba ulitendalo hukurudia mara tatu, lakini hilo si la wote. Wanaamini pia kwamba nia ikielekezwa kwa ibada inaweza kubadilisha mambo: kuponya, kupata kazi, kutuliza nyumba. Hapo ndipo unapoweza kusema "si nilijua, ni uganga tu". Karibu ni hivyo, ila kuna sharti ambalo wenye kufuata kanuni hulishika: hawamfanyii mtu jambo bila ruhusa yake, hata la heri. Bibi akikuuliza kama anaweza kukuwashia mshumaa kwa ajili ya mgongo wako, jibu ndiyo au hapana. Ukisema hapana hatakinyanyua kiberiti.

Na hilo la maumbile? Gardner mwenyewe aliongea zaidi juu ya rutuba, ya mashamba na ya wanadamu, kuliko juu ya kuhifadhi mazingira. Kulinda misitu na mito kuliingia kwa nguvu miaka ya 1970, hasa kutoka California, ambako mwandishi Starhawk alifunga pamoja Wicca, haki za wanawake na harakati za mazingira. Leo mwicca anayetupa plastiki porini anaonwa kama mlokole aliyekutwa baa.

Sasa meza. Hiyo ni madhabahu, hata kama ni meza ya kahawa ya mtumba. Kisu cha mpini mweusi kinaitwa athame. Kina makali pande mbili, lakini mara nyingi ni butu, kwa sababu kazi yake ni kuchora hewani na kuelekeza nia, hakikati kitu wala hakichinji. Wicca haina kafara ya damu. Kazi ya kukata, yaani majani, uzi, kuchonga mshumaa, hufanywa na kisu cha mpini mweupe, na hicho ndicho chenye makali. Kwa hiyo kama unaandika tathmini ya hatari, usiandike "kisu". Andika ni kipi, urefu wake, kikali au butu, na kinakaa wapi. Mzee akianza kupoteza kumbukumbu, suluhisho la kawaida ni kifimbo cha mti kichukue nafasi ya athame. Dini yao inaruhusu kabisa, na bora pendekezo hilo litoke kwake au kwa rafiki wa kundi lake kuliko kwa meneja.

Vilivyobaki utavitambua mwenyewe. Kikombe chenye shina ni cha divai au juisi. Kisahani chenye nyota ni cha kuwekea vitu vya kubarikiwa. Bakuli moja la maji, jingine la chumvi. Chetezo, na ukiwa mtu wa pwani utatabasamu, kwa sababu ni chetezo kilekile, na ubani ni uleule. Huenda kuna daftari lililoandikwa kwa mkono, wanaloliita Kitabu cha Vivuli. Hilo usilifungue. Mwenye kundi amelinakili kwa kiapo, na kulisoma bila idhini ni kama kusikiliza mlangoni mtu anapoungama.

Kupangusa meza si dhambi kwako wala kwake, ila muulize kwanza. Wengi watasema "pangusa kuzunguka, vitu nitavisogeza mimi". Chumvi usiimwage ukidhani imebaki ya chakula, na kipini kilichofungwa uzi au kijiwe kidogo usikihesabu takataka. Maji yaliyochanganywa na chumvi yakishatumika yamwagwe kwenye sinki, si kwenye chungu cha maua. Kosa hilo huwapata hata wenyewe: wanadhani wanairudishia ardhi chake, wiki mbili baadaye mmea umekauka. Cheni yenye nyota shingoni usiivue wakati wa kumwogesha bila kumuuliza. Ikibidi ivuliwe kwa ajili ya kipimo hospitalini, apewe aishike mwenyewe mpaka dakika ya mwisho.

Ibada yenyewe inakwenda hivi, kwa namna iliyozoeleka, ingawa kila kundi lina lake. Mtu huoga kwanza, wengine kwa maji yenye chumvi. Halafu hupimwa duara. La jadi lina kipenyo cha futi tisa, yaani mita 2.7 hivi, unashika kamba ya futi nne na nusu katikati na kuzunguka nayo. Chumbani kwa bibi halitaenea, na hilo si tatizo: mwenye kitimwendo hulichora kwa kidole akiwa amekaa palepale. Mshumaa huwekwa kila upande wa dunia: mashariki ni hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Kwa hiyo akikuomba umwonyeshe kaskazini iko wapi hakutanii. Simu yako ina dira.

Anayeongoza hugusa maji kwa ncha ya athame na kuyabariki, kisha chumvi, kisha hutia chumvi kidogo majini, kwa kawaida vipimo vitatu vya ncha ya kisu, na kukoroga. Anakipangusa kisu hapohapo, asipopangusa chumvi inakila kutu. Halafu anazunguka mara moja kufuata mwendo wa saa, mara nyingi akianzia mashariki, kisu kimeelekezwa nje, akiuona moyoni mstari wa mwanga. Baada yake unazungushwa ubani, mshumaa, na maji ya chumvi yanayonyunyizwa. Zinaitwa pande nne moja baada ya moja, kisha Mungu wa kike na Mungu wa Pembe wanakaribishwa. Ndani ya duara ndipo kazi ya siku inafanyika: kusherehekea majira, kuombea mgonjwa, au, usiku wa mwezi mpevu, kuhani wa kike kuuita mwezi umshukie na kuongea kwa jina lake. Mwisho ni keki na divai: mmoja anashika kikombe, mwingine anashusha ncha ya athame ndani yake, ishara ya kike na kiume kukutana. Wanakula, wanaweka pembeni sehemu ya kumwaga ardhini, wanashukuru, na duara linafungwa kwa mpangilio uleule.

Vipo vya Gardner ambavyo umeshasikia minong'ono yake, kama kuabudu uchi. Ni kweli makundi yaliyotokana naye hufanya hivyo. Gardner alikuwa mpenzi wa vilabu vya watu wakaao uchi, na kundi lake la Bricket Wood lilikutania ndani ya klabu ya namna hiyo. Matawi mengine huvaa majoho, na wengi wa peke yao huvaa nguo walizonazo. Kwenye nyumba ya wazee hukuti la uchi.

Matatizo yanayotokea kweli ni ya moto na moshi. Vidonge vya makaa vya kuchomea ubani hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi na huendelea kuwaka kwa muda mrefu baada ya ibada kwisha. Nyumba nyingi za wazee hazitaruhusu, na zina haki. Anayeruhusiwa kuvitumia nje bustanini atie mchanga sentimita mbili chini ya chetezo, asubiri kidonge kiwe kijivu juu, aweke ubani wa ukubwa wa punje ya pilipili manga, si kijiko. Ndani, mshumaa wa betri unatosha. Mahali penye mashine ya oksijeni hakuna mjadala, moto wa aina yoyote ni marufuku. Mikono ya joho pana ikipita juu ya mshumaa ni ajali nyingine wanayoijua wao wenyewe. Na kuwe na angalizo kwa majani: mafuta ya mnanaa-pori uitwao pennyroyal yanatajwa kwenye vitabu vya zamani, nayo ni sumu ya ini. Ukikuta chupa, mjulishe muuguzi.

Wageni wa kundi wakija, waombee chumba chenye mlango kwa saa moja au moja na nusu. Katikati ya ibada usiingie tu na trei ya dawa. Bisha, sema jina lako, ngoja. Mmoja wao "atakata mlango" kwenye duara kwa kisu hewani na kukukaribisha. Inachukua nusu dakika. Pakiwa na dharura, ingia. Hakuna kitakachokupata, na wao wenyewe wangetaka uingie.

Sikukuu zao ni nane. Usiku wa 31 Oktoba ni Samhain, hutamkwa "sawin", siku ya kuwakumbuka wafu. Halafu Yule karibu na 21 Desemba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, Ostara karibu na 21 Machi, Beltane 1 Mei, siku ndefu ya Juni, mavuno ya kwanza 1 Agosti, na ya pili karibu na 22 Septemba. Mpangilio huu wa nane, wanaouita Gurudumu la Mwaka, ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950 tu, palepale Bricket Wood, kwa kuunganisha sikukuu za Wakelti na nyakati za jua. Pamoja na hizo kuna mwezi mpevu, mara 12 au 13 kwa mwaka.

Aliyekulia Nairobi, ambako mchana wa Juni na wa Desemba hupishana kwa dakika chache, anaweza kuona ajabu watu wazima kusherehekea jua kurudi. Lakini wewe umeshakaa Leicester. Umeona Desemba jua likizama kabla ya saa kumi alasiri na kuchomoza saa mbili imeshapita asubuhi, na Juni ukatoka zamu ya usiku, saa kumi na moja alfajiri, kumeshapambazuka zamani. Gurudumu hilo lote limejengwa juu ya tofauti hiyo. Wawicca wa Australia imewabidi waligeuze: Samhain yao iko mwisho wa Aprili, na baadhi yao huuweka moto kaskazini, kwa kuwa jua lao la mchana liko huko. Chini ya ikweta yetu lingehitaji kuundwa upya kwa masika na vuli, kusi na kaskazi.

Chakula: hakuna haramu. Wengi hawali nyama kwa hiari, muulize. Dawa, damu, upasuaji: hakuna katazo la dini. Divai ya ibada inaweza kuwa juisi ya zabibu. Kama anatumia dawa zisizopatana na pombe, mwambie muuguzi kabla ya siku ya mwezi mpevu, si baada. Hakuna siku ya ibada ya kila wiki. Akitaka kuonana na mtu wa dini, chama cha Pagan Federation kilichoanzishwa 1971 huwa na watu wanaotembelea hospitali.

Kuhusu kifo, wengi huamini kwamba roho hupumzika kisha huzaliwa tena. Hakuna ibada moja ya mazishi. Wengine hupenda kuzikwa msituni bila jeneza la mbao nzito, wengine huchomwa. Ugomvi hutoka kwa watoto ambao ni Wakristo au hawana dini, wanaokuja siku ya tatu na kuchukua kila kitu, daftari la kiapo likiwamo. Muulize angali na kauli: nani wa kumwita, daftari na kisu vikabidhiwe nani, cheni izikwe naye au la. Vitiwe kwenye mpango wa huduma kwa maandishi. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 inalinda dini na imani bila kudai ziwe kongwe, kwa hiyo meneja akikuambia "hiyo si dini hasa", mwombe aiangalie tena.

Nimeiacha keki mwisho kwa kuwa ndiyo iliyokuuma. Ni unga, sukari au asali, siagi. Mara nyingi hukatwa umbo la mwezi mchanga. Sitakuficha, kama ilitoka kwenye ibada basi ilibarikiwa kwa jina la miungu yake. Wao hawahesabu kwamba aliyekula amejiunga. Kujiunga kwa kundi la Gardner huchukua mwaka mmoja na siku moja, hakupitii mdomoni. Kwa upande wako, Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya chakula cha namna hiyohiyo, na sura ya 10 unaijua kuliko mimi. Ukiona dhamiri inakukataza, usipokee halafu ukatupa, kwa sababu akikiona kipande kile kwenye pipa ataumia kuliko ungekataa. Mwambie waziwazi: "Asante mama, dini yangu hainiruhusu kula kilichoombewa, ila chai nitakunywa na wewe." Wicca haina desturi ya kuvuta waumini, na wengi wao wametoka kwenye nyumba za Kikristo, kwa hiyo hutakuwa umemshangaza. Atakutilia chai.